Nilimliza mtoto wa muuza mkaa kwenye somo la mabadiliko ya tabianchi. Ikabidi nianze upya

#1 ChakiVumbi

Mbukwenyi wakuu.

Humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo naomba nafasi niandike kidogo. Kidogo kwa kipimo cha walimu, kwa hiyo andaeni chai.

Nafundisha shule ya msingi, wilaya ya Chamwino. Shule siitaji, wenye akili mtaijua. Somo langu ni Sayansi, na tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024 nimeongezewa na Jiografia na Mazingira. Uzi huu ni wa namna tunavyowafundisha watoto wa Ugogo mabadiliko ya tabianchi, maana naona wengi wetu tunakosea, na mimi nilikosea wa kwanza.

Miaka sita iliyopita nilirudi kutoka semina na bango la rangi. Lina dubu mweupe juu ya kipande cha barafu, pembeni mtu kashika shoka. Nikalibandika ubaoni darasa la tano nikauliza, nani anaharibu mazingira? Darasa likaitikia kwa pamoja: wakata mitiii, wachoma mkaaa. Nikapanda jazba kama mhubiri wa stendi, nikawaambia kila gunia la mkaa ni mvua tunayoifukuza. Binti mmoja wa dawati la pili akainamisha kichwa. Wenzake wakaanza kumgeukia mmoja mmoja. Mama yake anauza mkaa barabarani, magunia yamepangwa pale pale tunapopandia gari za mjini. Kipindi kilipokwisha daftari lake lilikuwa limelowa. Kesho yake hakuja shule. Keshokutwa hakuja.

Nikamfuata nyumbani. Mama akanitolea kigoda, akanipa maji ya kunywa, akaniuliza bila hasira yoyote: "Mwalimu, ile sketi aliyovaa siku ile uliiona? Unadhani imetoka wapi?"

Nilimaliza maji nikaaga.

Njiani nikawa najihoji. Ule mkaa haupikiwi hapa kijijini, sisi tunapikia kuni za kuokota. Unapanda fuso kwenda mjini kuwaivishia maharage watu wenye mishahara, pamoja na waliotoa lile bango. Na joto lenyewe la dunia, sehemu kubwa ya gesi zinazolileta imetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa na nchi za viwanda kwa zaidi ya miaka 150. Ukigawa hewa ya ukaa inayotokana na vitu hivyo kwa kila kichwa, Mtanzania kwa mwaka mzima hafikishi nusu tani. Mmarekani anavuka tani 10. Halafu mimi nimechagua mshitakiwa, nimemchagua mama huyu, mbele ya mwanawe!

Bango liko stoo. Limefunika kreti za soda za duka la shule.

Nilichofanya baada ya hapo nitakiandika kwenye posti inayofuata, bando linasumbua.

#2 Kizibo_cha_Mtungi

Naweka kigoda changu hapa. Mwalimu usitutelekeze kama wale wa "itaendelea".

#3 Mtumba_Sitoki

Uzi bila picha ya lile bango ni udaku 😂

#4 ChakiVumbi

Narudi.

Nilianza na swali ambalo nilidhani ni jepesi: mwaka huu mvua imenyesha kiasi gani? Mmoja akasema nyingi. Mwingine akasema kidogo, kwao uwele umekauka. Wanakaa mita mia tatu mtu na mwenzake. Nikagundua hata mimi sijui. Niko hapa nahubiri mvua inapungua, na sijawahi kupima hata tone.

Tukatengeneza kipimamvua cha chupa ya maji ya plastiki. Unakata juu, unakigeuza kile kichwa kinakuwa mrija wa kuingizia maji, chini unaweka kokoto na maji kidogo hadi usawa wa alama ya sifuri kwa sababu kitako cha chupa hakijanyooka, kisha unabandika rula ubavuni. Kinakaa kwenye nguzo ya uzio, mbali na ukuta na mti. Kila siku saa tatu asubuhi anayehusika anasoma, anaandika kwenye kaunta buku, anamwaga, anarudisha maji kwenye sifuri. Saa tatu ndiyo saa ambayo hata vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vinasoma mvua ya saa 24, kwa hiyo watoto wakajiona na wao ni watu wa serikali.

Zamu ya kwanza nilimpa yule binti. Sikumwambia kwa nini.

Mvua yetu mnaijua: inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakata Aprili, halafu jua na upepo hadi mwaka mwingine. Dodoma kwa wastani inapata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Ila wastani unaficha mengi, na watoto waliliona hilo wenyewe kwenye kaunta buku. Siku moja ya Januari chupa ilisoma 61. Baada ya hapo mstari mzima wa sifuri, siku kumi na tisa. Mtoto mmoja akaniambia, "Mwalimu, mvua ilikuja kama mgeni wa kumpita mtu barabarani." Jumla ya mwezi ilionekana nzuri tu, na mahindi ya wazazi wao yalikuwa yameshakauka. Uwele na mtama ukavumilia. Mlenda nao, kama kawaida yake, hauna habari.

Hapo ndipo niliposhika chaki kueleza tabianchi, nikiwa na namba zao. Hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Inachelewa kushiba, ikishiba inaangusha kwa mkupuo. Na katikati ya vipindi, joto lile lile linafyonza unyevu wa ardhi haraka zaidi. Sikuwaambia kwamba ile 61 imeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Mvua moja haithibitishi kitu. Tabianchi unaijua kwa kupima miaka 30, kwa hiyo nikawaambia kaunta buku hilo watalifunga wakiwa na watoto wao shuleni.

#5 Kibuyu_Kikavu

Mwalimu nakuheshimu ila hapa mnatupiga kamba. Ukame Ugogo haukuanza jana. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake njaa ya Mtunya, watu waliuza kila kitu, walikufa njiani. Wakati huo gari ngapi zilikuwepo? Viwanda vipi? Wazungu wenyewe walikuja Kongwa 1947 na matrekta yao kulima karanga, udongo ukawa kama saruji, mvua ikawakimbia, 1951 wakafunga mradi. Hii nchi ndivyo ilivyo. Leo kila kitu tabianchi tabianchi, mradi wapate semina.

#6 ChakiVumbi

Kibuyu, hoja yako nzuri kuliko yangu nyingi. Naitumia darasani kuanzia wiki hii.

Mtunya ni kweli, 1917 hadi 1920, na haikuwa ya ukame peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana ghala zilikuwa tupu tayari. Mtoto akielewa hilo ameelewa kitu ambacho lile bango halina: ukame ni wa mbinguni, njaa ina mkono wa watu.

Lakini sasa nisikilize. Nchi kuwa kame tangu zamani haina maana haiwezi kuwa kame zaidi. Mtu mwenye pumu ya kuzaliwa ukimfungia ndani ya moshi hutasema "huyu ndivyo alivyo". Kinachopimwa leo ni joto la dunia nzima, limepanda zaidi ya nyuzi moja tangu enzi kabla ya viwanda, na chanzo chake kinajulikana.

Nilivyoeleza chanzo hicho: walikuwa watoto 40. Kila mmoja alihesabu punje 250 za uwele, jumla 10,000, tukazimwaga kwenye ungo. Hiyo ndiyo hewa. Kabla ya viwanda, katika punje 10,000 hewa ya ukaa zilikuwa hazifiki tatu. Sasa ni nne na kidogo. Tukapaka punje nne masizi, tukachanganya, tukaambizana tutafute. Dakika kumi hakuna aliyeona hata moja. Akasimama mmoja, huyu ni wale wabishi, akaniuliza kama wewe: "Punje nne tu ndizo zinaunguza dunia?"

Nikamuuliza, mama akipika sufuria ya mlenda anatia magadi kiasi gani? Akanionyesha ncha ya kidole. Na asipotia? Darasa zima likacheka.

#7 Mtumba_Sitoki

Mfano wa magadi nimeuelewa mimi mwenye shahada kuliko wasilisho zima nililolipiwa posho kulisikiliza.

#8 Mwana_wa_Irangi

Hongera mwalimu. Ila hili la joto kunaswa watoto wanalielewaje? Nilipofundishwa mimi tuliambiwa kuna tundu kwenye ozoni, jua linapita hapo. Nikatembea na imani hiyo hadi uzeeni.

#9 ChakiVumbi

Mzee wangu, hata walimu wengi tunalichanganya bado. Tundu la ozoni ni kesi nyingine: kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia ziliharibu tabaka linalozuia mionzi mikali ya jua, dunia ikakubaliana Montreal mwaka 1987 kuziondoa, na tabaka linapona. Joto la tabianchi halipiti kwenye tundu. Linashindwa kutoka.

Huku kwetu hakuna haja ya maabara. Wote tunajua usiku wa Julai Dodoma: anga jeupe, nyota hadi unazichoka, na asubuhi unavaa koti. Usiku wa Januari wenye mawingu unalala bila shuka. Mchana ardhi inapokea joto, usiku inalirudisha juu. Wingu linalizuia lisitoke lote. Hewa ya ukaa inafanya kazi ya namna hiyo, tofauti ni kwamba haionekani na haiondoki asubuhi. Na bila blanketi hilo kabisa tungeganda, wastani wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo blanketi si baya. Tumeongeza la pili wakati hatuna baridi.

#10 MamaWatatu_Ilazo

Naomba niseme kama mzazi. Sayansi yenu nzuri, lakini mwanangu kila Jumatatu na Alhamisi anatakiwa abebe dumu la lita tano kutoka nyumbani kumwagilia miti ya shule. Maji ndani hayatoki siku tatu. Miti yenyewe ilipandwa Juni, mgeni rasmi akaja, ngoma ikapigwa, picha zikapigwa. Oktoba ukipita unaona vijiti. Mwakani watapanda kwenye mashimo yale yale. Hiyo ndiyo elimu ya mazingira?

#11 Kizibo_cha_Mtungi

Mashimo yale yale 😂😂 mama umeua.

#12 ChakiVumbi

Dada yangu, hilo linaniuma na mimi. Siku ya Mazingira Duniani ni 5 Juni. Huko ilikopangwa sijui mvua zao zikoje, hapa kwetu ni miezi sita kamili ya ukavu inaanza. Kupanda mche Juni Dodoma ni kuuzika. Lakini mgeni rasmi hawezi kuja Desemba, barabara ina matope.

Sisi tuliacha kupanda. Nyuma ya shule kuna eneo lilikuwa linachungiwa, tupu kabisa kwa macho. Tukaingia na darasa la sita kuchunguza chini, tukakuta visiki. Vimekatwa, vimeliwa na mbuzi, vimechomwa, na bado kila msimu vinatoa vichipukizi. Mizizi iko hai, iko chini sana, haihitaji dumu la mtu. Unachagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, unakata mengine, unapogoa matawi ya chini, unafunga kitambaa chenye rangi ili watu wajue mti huu una mwenyewe, halafu unapambana na mbuzi. Mkoani kwetu wengi wanaijua kwa jina la Kisiki Hai, LEAD Foundation wameisambaza vijijini pamoja na Justdiggit tangu 2018. Njia yenyewe ilipata umaarufu Niger miaka ya 1980 kwa kazi ya Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyechoka kupanda miche inayokufa. Nikiwasimulia watoto kwamba na yeye alikuwa kwanza na mashimo yake ya Oktoba, wanafurahi sana.

Kila mtoto ana kisiki chake na anakipima kwa kamba mwanzo na mwisho wa muhula. Migunga mingine imenipita urefu. Mitihani ya kweli ni mbuzi wa mwenyekiti, nisiseme zaidi.

#13 Mwana_wa_Irangi

Mwalimu umenigusa. Mimi ni wa Kondoa, nilikuwa kijana wakati wa HADO. Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973. Makorongo yalikuwa yanameza nyumba, ukisimama ng'ambo ukaita mtu mnasikilizana ila kufikiana ni safari. Walichimba makinga maji kwa matrekta, walipanda miti, haikutosha. 1979 ikaja amri mifugo yote itoke, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Baba yangu alipeleka ng'ombe kwa ndugu upande wa mbugani, nusu hatukuwaona tena.

Miaka michache majani yakarudi. Miti ikarudi yenyewe, kama unavyosema, ilikuwa chini inasubiri. Leo wageni wanaletwa kupiga picha. Nasema haya kwa sababu mnapowaonyesha watoto kilima cha kijani, waambieni pia kuna nyumba zilikosa maziwa ili kilima kile kiwe hivyo. Sisemi lilikuwa kosa. Nasema waambiwe.

#14 ChakiVumbi

Mzee, hii naomba ruhusa nikaisome darasani kama ilivyo.

#15 Mwana_wa_Irangi

Isome. Usiniandike jina.

#16 MamaWatatu_Ilazo

Sawa visiki nimeelewa. Na dumu la mwanangu?

#17 ChakiVumbi

Dumu nalo lilitupa hesabu nzuri kuliko zote. Mvua ya milimita moja juu ya mita mraba moja ni lita moja. Watoto hawakuamini hadi tukamwaga lita moja kwenye karatasi la nailoni la mita kwa mita na kuchomeka rula.

Basi tukapima paa. Vyumba viwili vya madarasa, kila kimoja mita 7 kwa 9, jumla mita mraba 126. Mwaka wa milimita 550, hata ukitoa sehemu moja ya tano kwa yanayoruka na kuvuja, bati lile linapitisha lita 55,000. Wakagawa kwa tano. Madumu 11,000. Darasa likawa kimya, maana kila mmoja alikuwa anayahesabu yale aliyoyabeba kichwani.

Simtanki letu ni moja la lita 5,000, linajaa kwa milimita 50 tu, yanayobaki yanachimba korongo kuelekea choo cha wavulana. Na gata limekatika upande mmoja tangu mwaka juzi. Watoto wameandika barua kwa kamati ya shule na hesabu zao zote. Kamati imeipokea. Neno ni hilo hilo, imeipokea.

#18 FundiJua_Kizota

Wakuu naona sola haijaguswa. Mimi ni fundi, nimefunga na kufufua sola za shule nyingi mkoa huu na jirani. Hadithi ni moja. Mfadhili anafunga, anakata utepe, anaondoka. Mwaka wa kwanza taa zinawaka. Wa pili walimu wote wanachaji simu hapo, mtu kaleta redio, mtu kaleta pasi (pasi!). Maji ya betri hayaongezwi, au wanaongeza ya bomba. Wa tatu betri zimekufa na kijiji kizima kinaamini sola ni feki. Paneli iko juu nzima kabisa, ingefanya kazi miaka 20 na zaidi.

Mwalimu, waonyeshe watoto hesabu. Paneli ya wati 100 kwa jua letu ukipata wati-saa 400 hadi 500 kwa siku umefanya vizuri. Taa ya wati 10 ukiwasha saa tano ni 50. Kwa hiyo taa nane, na siku ya mawingu upunguze. Pasi ya wati 1,000 inamaliza chakula chote hicho kwa nusu saa na bado shati halijanyooka.

Na jambo jingine watu hawaamini: joto ni adui wa paneli. Inapenda mwanga. Kila nyuzi moja juu ya 25 inapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu, na bati la Dodoma saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60. Toa hapo asilimia 14. Ndiyo maana naacha nafasi ya hewa kati ya paneli na bati. Vumbi la Agosti nalo, futa asubuhi na mapema kwa kitambaa laini, usimwage maji ya baridi kwenye kioo cha moto.

#19 ChakiVumbi

Fundi, ulikuwa wapi siku zote! Mimi nina kijipaneli cha wati 5 na mita ya fundi redio. Tunapima, halafu mtoto anaziba kijumba kimoja tu cha paneli kwa kidole gumba, na namba inaporomoka karibu yote. Wanagombania kuziba.

Ninayokwama nayo ni maswali ya maji. Niliwaambia umeme wa maji ni nishati jadidifu (hilo neno nalo, nusu ya darasa wanasema "jadifu", nimeamua kusema nishati isiyokwisha). Mmoja akainuka: kama haikwishi, mbona baba anasema kulikuwa na mgao kwa sababu Mtera ilikauka? Na kweli, 2006 bwawa lilishuka hadi nchi nzima ikala giza. Nikabaki natafuta chaki. Baadaye nikawaeleza kwamba jua na mvua havikwishi, lakini havikuahidi kuja siku unayovitaka, ndiyo maana nchi haiwezi kuweka mayai yote Mtera, na leo hata kwenye Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115 swali lake lingebaki zuri.

Fundi nisaidie: paneli niielekeze wapi? Kijana mmoja kaona video akaiinua kama ngazi.

#20 FundiJua_Kizota

Hizo video ni za Ulaya, jua lao liko chini. Sisi tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua linatupita utosini. Ilaze, nyuzi 10 hadi 15 tu, iangalie kaskazini, mwinamo huo ni wa kutiririsha mvua na vumbi zaidi. Fanya hivi na watoto: chomeka fimbo wima kabisa tarehe 8 au 9 Oktoba, tena tarehe 4 au 5 Machi. Kivuli kitaisha. Lakini msisubiri saa sita kamili. Saa yetu inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki uliopita mbali huko baharini, Dodoma tuko karibu na 36, kwa hiyo jua letu linachelewa. Oktoba kivuli kitapotea kama saa 6:25, Machi karibu saa 6:48.

#21 Kibuyu_Kikavu

Hii ya fimbo nitaijaribu mwenyewe kabla sijasadiki chochote humu.

#22 Mtumba_Sitoki

Mwalimu, mafuriko je? Maana mjini tukipata mvua ya saa moja magari yanaogelea.

#23 ChakiVumbi

Hapo kuna somo ninalolipenda kuliko yote, na ni gumu. Watoto wanajua mafuriko ni mabaya. Wengine ndugu zao wako Mpwapwa, wamesikia habari za Desemba 2009 na Januari 2010, maji yalipoharibu reli ya kati huko Gulwe na Kilosa.

Sasa chukua maji ya Dodoma mjini. Kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, pale Mzakwe. Kina cha maji ya visima vile kimepimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipolinganisha na mvua wakaona kwamba miaka mingi maji ya chini yanashuka tu, mvua za kawaida zinaishia juu juu, jua linazinywa. Halafu unakuja msimu mmoja mkubwa, kama El Niño ya 1997/98, bonde linajazwa kwa mpigo na watu wanakunywa akiba hiyo miaka inayofuata.

Yule mbishi wangu: "Kwa hiyo mafuriko ni mazuri?"

Nikamwambia njoo nje. Tukamwaga ndoo mbili za maji sawasawa, moja kwenye njia iliyokanyagwa, nyingine chini ya visiki vyenye majani. Ya kwanza ilifika kwenye korongo kabla hajageuka. Ya pili alikaa anaitazama ikiingia. Sikusema neno na nadhani ni kipindi bora nilichowahi kufundisha, maana sikusema neno.

#24 Mtumba_Sitoki

Mama wa mkaa aliishia wapi? Usitukimbie na hilo.

#25 ChakiVumbi

Bado anauza. Siwezi kuwaandikia kwamba aliacha akafungua mradi wa nyuki. Msisitizo wa nishati safi umeongezeka, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa, mkakati wa kitaifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Wateja wake wa mjini wakihamia gesi, yeye atahamia wapi? Nimemuuliza. Akasema ana shamba la ekari mbili limejaa visiki, anafikiria aache machipukizi akate ya nguzo na kuni kwa zamu badala ya kukata yote. Wazo hilo hakulipata kwangu, kaletewa na mwanawe.

Binti yuko sekondari sasa. Aliacha amesoma chupa misimu miwili bila kuruka siku, hata Krismasi alikuja.

#26 MamaWatatu_Ilazo

Chupa ya lita moja na nusu inafaa? Nataka nianze na wangu hapa uani.

#27 ChakiVumbi

Inafaa. Kata pale ubavu unapoanza kunyooka, si kwenye shingo, na uifunge vizuri kwenye nguzo. Upepo wa Ilazo naujua.